Mafunjo, samaki na kazi ya profesa Lauren Chapman

Kila kiangazi tunapata ulizo moja: kuko mafunjo pembeni ya maji, tuyakate tulime, ao tuyaache? Safari hii tueleze kazi ya mama mmoja aliyetazama jambo hilo kwa upande wa samaki.

Lauren Chapman ni profesa kwenye universite McGill, Kanada. Amefundisha kule, lakini tangu miaka ya 1990 utafiti wake mwingi uko Uganda, kwa majirani zetu. Kazi moja aliifanya Nabugabo, ziwa dogo kando ya Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu walitia humo sangara. Ni samaki mukubwa, analeta feza, lakini anakula wenzake, na samaki wa asili wengi wakapotea katika maji ya wazi. Je, walikwisha wote? Chapman na wenzake wakatega mitego pembeni, ndani ya mimea ya kinamasi. Baadhi yao wakakutwa humo, wazima.

Sababu ni pumzi. Samaki anatoa oksijeni ndani ya maji kwa matamvua yake. Kwenye mafunjo maji yamelala, jua haliingii, majani yanaoza, na kule kuoza kunamaliza oksijeni. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, basi mule hawezi kukaa. Kambale na kamongo wanapanda juu kuvuta hewa hii yetu (aliyebeba kambale mpaka soko anajua namna anavyokawia kufa). Samaki wadogo wengine wanakuja kupumua yale maji membamba ya juu kabisa. Chapman alipima hata matamvua: kwa samaki wa aina moja, wale wa kinamasi wanayo makubwa kuliko ndugu zao wa maji yenye oksijeni nyingi.

Kumbe maji yale tunayosema yananuka, hayana kazi, ndiyo maficho yao.

Hatusemi musilime bonde. Mboga za marais zinalipa masomo ya watoto, tunajua. Lakini pale bonde linapogusa ziwa ao mto, acheni ukanda wa mafunjo umesimama, na musiuchome. Kwa wanamemba wa pande za Ziwa Edouard wenye shamba na mtumbwi pia, hesabu ni ya nyumba moja: kabichi za msimu huu, na samaki wa kesho.

Na waliokwisha kukata? Kama mizizi haikungolewa na maji hayajahamishwa, mafunjo yanaota tena.