Tusiwafukuze watoto kwa sababu ya mapunye

Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua wanafunzi wa shule zetu za msingi, ni machache yaliyoenea kama mapunye, na ni machache zaidi yanayodharauliwa kama hayo. Kwa kuwa hayaui, hatuyajadili. Matokeo yake ni kwamba mtoto anayeugua huachwa peke yake na kicheko cha wenzake.

Wapo wanaodhani kwamba mapunye huletwa na wadudu, na wengine huyaona kama ushahidi wa mzazi mchafu. Dhana hizo hazina msingi. Mapunye huletwa na kuvu, kiumbe wa jamii moja na uyoga na ukungu wa mkate. Hilo si jambo geni: tangu miaka ya 1840 David Gruby, daktari aliyefanya kazi mjini Paris, alikwisha kuionyesha kuvu hiyo kwa darubini. Chakula chake ni keratini, protini inayounda nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Ndipo nywele zikakatika, na kichwa kikabaki na mabaka makavu yenye magamba.

Msomaji atauliza: mbona watoto? Inaaminika kwamba mtu anapobaleghe, mafuta ya ngozi ya kichwa huongezeka na kuwa na asidi zinazozuia kuvu kumea. Kwa hiyo mwalimu aweza kufundisha darasa lenye wagonjwa kadhaa na aghalabu yeye asiambukizwe. Watoto, kwa upande wao, huambukizana kwa vichana, kofia, taulo, mito na mashine za kinyozi zisizosafishwa. Aina nyingine za kuvu hutoka kwa paka na mbwa. Isitoshe, wapo watoto wanaobeba kuvu hiyo bila kuonyesha dalili yoyote.

Kosa kubwa la wazazi wengi ni kutegemea malhamu, na wengine hupaka hata mafuta ya taa. Kuvu imejificha ndani ya nywele hadi kwenye shina lake, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Kunyoa peke yake hakutibu, kwa sababu hiyo hiyo. Tiba inayofaa ni ya kumeza, kama vile griseofulvini, iliyogunduliwa mwaka 1939 na kuanza kutumiwa kutibu watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Humezwa kwa wiki sita au zaidi, kwa maagizo ya mhudumu wa afya. Anayeacha njiani kwa kuwa baka limefifia atayaona mapunye yakirudi. Na yakipuuzwa, huweza kuvimba na kutunga usaha, kisha yakaacha kovu lisiloota nywele maishani.

Sasa nigeukie sisi walimu. Katika shule moja niliyopata kufundisha, ilikuwa desturi kuwasimamisha wenye mapunye mbele ya gwaride la asubuhi, kisha kuwarudisha nyumbani hadi wapone. Wengine walikaa huko karibu muhula mzima, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na fedha za dawa, na waliporudi hesabu zilikuwa zimewapita mbali. Desturi hiyo haimkingi yeyote. Baka linapoonekana, wenzake huenda wamekwisha kuambukizwa. Tena mtoto akishaanza dawa, hakuna haja ya kumzuia darasani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtoto anayejificha chini ya kofia amefundishwa na nani kujificha, kama si sisi tunaomwaibisha?

Mwalimu na amwite mwanafunzi faraghani, amwandikie mzazi barua ya heshima, na amshauri awapeleke kituo cha afya yeye na ndugu zake wanaolala naye. Vinyozi wasafishe mashine zao kwa dawa ya kuua viini baada ya kila kichwa. Nanyi wanafunzi, kila mmoja awe na kichana chake, wala asimcheke mwenzake. Kuvu hii haichagui mtoto wa tajiri wala wa maskini. Mtoto aliyeipata anahitaji vidonge, na anahitaji kubaki darasani.