Muulize Mzee Habari za Jembe

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walirudi kusini mwa Tanzania, wengi makwao, kukaa na wazee walioviona Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani na kuandika walichosimuliwa. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 vita vilipoanza Julai 1905 alikuwa sasa na miaka 78.

Mpaka hapo, mwenye karatasi alikuwa mshindi. Gavana wa Kijerumani von Götzen alichapisha kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909. Majalada ya Wajerumani yanataja tarehe za mapigano na majina ya walionyongwa, mganga Kinjikitile akiwa miongoni mwa wa mwanzo, kule Mohoro. Hayaelezi mtu alivyojisikia akipalilia pamba ya akida wa serikali huku shamba lake likimezwa na magugu. Hilo walilisema wazee wa Umatumbi waliohojiwa na mwanahistoria Gilbert Gwassa: kazi ya shuruti, viboko, na watu wa Nandete waliotangaza vita kwa kung'oa miche ya pamba. Hata hesabu ya wafu ilibadilika. Wajerumani walikadiria 75,000; Gwassa akafikia 250,000 hadi 300,000, maana njaa iliyofuata baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala iliua watu ambao hakuna ofisa aliyewahesabu.

Lakini msimulizi hujibu alichoulizwa. Tanzania ya 1968 ilikuwa taifa changa, na tangu 1956 Nyerere alikuwa ameitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa. Watafiti wakaenda vijijini na swali la umoja: makabila haya yaliunganaje? Jibu walilipata, wala halikuwa la uongo. Ila yaliyokuwa nje ya swali yalibaki nje. Ilichukua karibu miaka 30 zaidi mpaka mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akichunguza Uzaramo, akaandika juu ya wanawake walioachwa peke yao na mashamba yanayovamiwa na nguruwe pori, wanaume wakiwa wamechukuliwa kazini.

Ndiyo sababu mkusanyaji mzoefu haanzi na "Kwa nini mlipigana?" Swali hilo huzaa hotuba, na hotuba mzee anaweza kuwa ameisikia redioni. Huanza na jembe: nani alilima mlipokuwa vitani? Mlikula nini? Waliokufa walizikwa na nani? Hambani mzee kwa tarehe. Hizo zimo kwenye majalada. Mzee hupanga miaka kwa njaa, kwa jando, kwa mtoto aliyezaliwa njiani. Wazee wawili wakipingana, simulizi zote mbili huandikwa, kwa sababu mara nyingi tofauti yao ndiyo inayoonyesha nani alikuwa mstari wa mbele na nani alikuwa amejificha na watoto msituni.

Kazi kama hiyo inawasubiri wazee wa Vita vya Kagera. Mwanamgambo aliyeitwa akiwa na miaka 20 mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka, sasa anakaribia sabini. Njia ya jeshi la Tanzania hadi kuanguka kwa Kampala, 11 Aprili 1979, inajulikana vizuri. Kinachohitaji daftari ni mambo ya nyuma ya msafara: wapishi, wauguzi, madereva wa malori yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita, na familia za Kagera zilizokimbia kisha zikarudi kuhesabu ng'ombe waliobaki.