Staili Moja ama Staili Zote? Ubishi wa Wavuvi Kwenye Kitaa Kisicho na Ziwa

Oya wanangu, tusidanganyane: Ololosokwan hakuna ziwa. Kuna mpaka wa Kenya hapo mbele, Serengeti ubavuni, ng'ombe kibao na vumbi la kumtosha kila mtu. Samaki akifika huku amekuja na gari, kakaushwa, na bado kuna wazee hawamgusi, maana kwa Mmasai wa kizamani samaki hakuhesabiwa kwenye msosi. Sasa ukikuta masela wa kijiweni pale mjini Wasso wanabishana kuhusu uvuvi mpaka abiria wa boda wanaamua kutembea, ujue ni simu hizo. Mtu kacheki video ya jamaa anavuta lisamaki lizito, basi anajiona nahodha.

Ubishi wenyewe uko hivi: msee anayetaka kuvua ashike staili moja mpaka awe fundi wa kutisha, ama aonje zote, leo ndoano, kesho nyavu, keshokutwa mgono? Timu staili moja wana nyodo sana. Wanasema anayegusa kila kitu hajui kitu. Timu staili zote nao wanajibu kwamba ukijifungia kwenye ndoano moja, siku samaki wakigoma utakufa na njaa ukiwa fundi.

Timu ya kwanza wanapenda kutolea mfano Ziwa Victoria, na hapo siwabishii haraka. Cheki mbogi ya dagaa: kazi yao ni usiku wa giza. Wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanakuja kushangaa, wavu wa macho madogo unawazoa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola zimeingia kwa fujo. Mbalamwezi ikiwa pevu wanakaa nchi kavu, kwa sababu mwezi ukimwaga mwanga ziwa zima, taa yao haina mvuto tena. Msee wa sangara yuko dunia nyingine kabisa. Yeye anataka nyavu za macho makubwa, ama kamba ndefu iliyojaa ndoano na chambo. Zana nyingine, saa nyingine, mtaji mwingine. Huwezi kuamka tu Jumatatu ukahama.

Na hapo ndipo stori inapowageukia. Sangara alipandikizwa Victoria miaka ya 1950, akalipuka miaka ya 1980, akawamanga furu mpaka aina kibao zikapotea. Mwanza ikapata viwanda vya minofu, watu wakajenga nyumba, wakaoa, wakasomesha, yote juu ya mgongo wa samaki mmoja. Halafu sangara wakubwa wakaanza kuwa wa kutafuta kwa tochi. Leo anayebeba zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwa lile ni dagaa, yule yule ambaye wasee wa sangara walikuwa wanamwona chakula cha kuku. Fundi aliyekomaa na sangara tu akajikuta ana ujuzi mwingi na mkwanja kiduchu.

Kwa hiyo timu ya pili wameshinda? Tulieni kwanza. Kuna barabara inatoka Wasso, inashuka Sale, inapita Engaresero chini ya Oldoinyo Lengai, inatokea Mto wa Mbu, halafu unapanda ukuta wa bonde hadi Karatu na kushuka tena Mang'ola. Ni ngoma nzito kwa mgongo, lakini njia hiyo moja inakukutanisha na maziwa matatu, na kila moja lina jibu lake.

La kwanza ni Natron. Maji ya magadi, chemchemi za moto pembeni, mahali ambapo ungedhani hakuna kiumbe chenye akili kingekaa. Lakini wamo visamaki vya ukoo wa perege ambavyo asili yao ni huku tu, Natron na Magadi ya Kenya. Upande wa Natron ziko aina tatu, na utawajua kwa midomo: mmoja mdomo umeangalia chini, mwingine juu, wa tatu mbele. Kila mmoja kabobea kula kivyake, hawagombanii sahani. Hapo samaki mwenyewe ndiye timu staili moja, na amefika mbali kinoma. Ila chemchemi zile zikiharibika, hana pa kuhamia.

La pili ni Manyara, nalipitia haraka. Perege wapo, kambale wapo, sehemu kubwa ni hifadhi na huko huingii na nyavu, usijaribu.

Stori yangu iko kwenye la tatu, Eyasi, kule Mang'ola. Wasee wa Karatu wanalijua: ziwa la magadi, pana, halafu kina chake hata masika mara nyingi hakifiki mita moja. Kuna miaka linakauka mpaka Wadatoga wanavusha mifugo katikati kwa miguu. Kuna miaka kama ya El Niño, ile ya 1997 na 1998, mvua inashuka bila breki na ziwa linajaa mpaka viboko wanaonekana. Sasa niambie, mvuvi wa hapo abobee nini? Akinunua mtumbwi na nyavu za kutega, mwaka unaofuata anaweza kuwa na mtumbwi juu ya chumvi. Akisema yeye ni wa ndoano tu, mwaka wa mafuriko wenzake wanapakia magunia, yeye anavuta mmoja mmoja.

Anayetusua pale ni yule anayelijua ziwa lenyewe. Anajua maji yakianza kupungua, perege ndiye anayetangulia kufa, kwa sababu anahitaji hewa iliyo ndani ya maji. Kambale anaweza kupanda juu akavuta pumzi, kwa hiyo atadumu kwenye tope siku nyingi baada ya perege kwisha. Kamongo naye ana mapafu kabisa, hana presha. Ziwa likikauka, msee anahamia kwenye chemchemi na vijito vinavyoliingia, na huko ndiko anakowapata hao wawili. Zana zinabadilika kila msimu, akili ni ile ile. Ni kama mchungaji wa kwetu: hajui malisho ya dunia nzima, lakini bonde lake analijua hadi nyasi ya mwisho, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame.

Basi mimi nasema hivi, na kijiweni wameninunia: chagua maji, ubobee hapo. Mtu aliyevua kwa mgono, ndoano na nyavu kwenye ziwa moja nampa heshima kuliko mwenye picha za maziwa kumi.

Mnaniletea mfano wa wazungu? Poa. Kuna matajiri wanasafiri mpaka mito ya Mnyera na Ruhudji, kule Kilombero, kumsaka samaki mmoja tu mwenye meno ya kutisha. Wanamvua kwa nzi wa bandia, wanapiga picha, wanamrudisha majini. Hiyo ni staili moja ya kishua, na njaa haiwahusu. Lakini cheki Watamu, pwani ya Kenya. Huko kuna sifa ya kimataifa ukipata aina tatu za nduwaro na sulisuli siku moja. Manahodha wanaofanikisha hayo wanaijua bahari ile ile tangu utoto, wanajua nani yuko juu mchana na nani anapanda usiku. Aina nyingi, maji yale yale. Si ndicho nilichosema?

Na timu staili zote, kabla hamjachachawa: kuonja kila kitu hakumaanishi kokoro wala baruti. Kokoro linazoa hadi vitoto, ni marufuku, na usiniambie ulikuwa unajaribu tu.

Anayetaka kwenda Eyasi, rada ni hii. Usinunue zana Arusha kabla hujaona maji. Fika Mang'ola, uliza kibali kwanza, halafu ziwa liko wapi mwaka huu, maana ukingo unahama. Kaa na wanaovua, beba ndoo zao, nyamaza. Na ukikuta limekauka kabisa usizire ukarudi Wasso mikono mitupu. Mang'ola ni vitunguu, wanangu, mashamba kwa mashamba, na mtu asiyevua mwezi huu utamkuta huko kainamia jembe. Pakia gunia lako, bei yake huku kwetu Loliondo unaijua.