Mashudu Mazuri na Mashudu Yenye Ukungu

Mbegu za pamba, alizeti au karanga zikiisha kukamuliwa mafuta, makapi yanayobaki huitwa mashudu. Mashudu si takataka. Yana kwa wingi chakula cha kujenga mwili, ambacho ng'ombe wa maziwa hukikosa katika majani makavu ya kiangazi. Kwa sababu hiyo wafugaji huyachanganya na pumba za mahindi, wakapata maziwa zaidi.

Lakini mashudu yaliyopatwa na unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine una sumu. Katika mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, yaliyotoka Brazili. Sumu hiyo ikaitwa aflatoksini. Ndiyo iliyowaua watu 125 katika Kenya mwaka 2004, waliokula mahindi yaliyoharibika.

Sumu hii haiondoki kwa kupikwa. Tena ng'ombe akiila, sehemu yake huingia katika maziwa. Basi mtu ampaye ng'ombe wake chakula chenye ukungu ili kisipotee bure, humpa mtoto wake pia.

Yafaa magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja. Mashudu yaliyolowa, au yenye harufu ya uvundo, asipewe mnyama yeyote, hata kuku. Hasara ya gunia moja ni ndogo kuliko hasara ya zizi zima.