Nali si Sifuri

Wanaoanza kujifunza kanzidata huogopa zaidi kuunganisha majedwali, lakini hilo huzoeleka baada ya mazoezi kidogo. Kinachowatesa kimyakimya, hata wakishakuwa kazini miaka na miaka, ni nali, ile alama ambayo kwenye SQL huandikwa NULL. Nali inasingiziwa sana. Wapo wanaoiita sifuri, wapo wanaoiita nafasi tupu, wapo wanaoidhani hitilafu ya mfumo, na wapo wakuu wa miradi wanaoagiza isionekane kabisa kwenye ripoti. Nali si chochote kati ya hivyo. Ni kanzidata inayokiri kwamba mahali hapa palitakiwa pawe na thamani, na thamani hiyo haipo mkononi. Naipenda kwa sababu hiyo, na inaniudhi kuona watu wakiifuta kwa kujaza uongo mahali pake.

Aliyeipigania ni Edgar Codd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, akarusha ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akahamia Amerika na kufanya kazi IBM. Makala yake ya Juni 1970 ndiyo iliyoleta wazo la kuhifadhi taarifa katika majedwali yanayohusiana. IBM yenyewe haikuikimbilia, maana ilikuwa na mfumo mwingine, IMS, uliokuwa ukiuzika vizuri. Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, ndio walioitunga mwaka 1974 lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo ni SQL. Mwaka 1985 Codd alipotoa kanuni zake 12 za kupimia mifumo iliyojinadi kuwa ya kimahusiano, kanuni ya tatu ilikuwa ya nali: mfumo lazima uwe na njia moja ya kuonyesha taarifa inayokosekana, njia isiyochanganyika na sifuri wala na maandishi matupu, iwe safu ni ya namba, ya majina au ya tarehe.

Kwa nini alisisitiza hivyo? Chukua jedwali la kliniki ya watoto lenye mistari mitano. Watoto watatu wamepimwa: kilo 9, kilo 11 na kilo 10. Wawili walifika siku ambayo mzani umeharibika, kwa hiyo safu yao ya uzito ina nali. Ukiuliza COUNT(*), jibu ni 5, kwa kuwa inahesabu mistari. Ukiuliza COUNT(uzito), jibu ni 3, kwa kuwa inahesabu thamani zilizopo. AVG(uzito) inatoa 10, wastani wa wale waliopimwa. Sasa karani mwenye nia njema, ambaye fomu yake haikubali nafasi iachwe wazi, aandike 0 kwa wale wawili. Wastani unaporomoka hadi kilo 6. Kama ni watoto wa mwaka mmoja, kilo 6 ni utapiamlo mkali, na mtu wa wilayani atapanga chakula cha dharura kwa kijiji ambacho watoto wake wana afya. Sifuri ni kipimo. Inadai kwamba mtoto alipandishwa kwenye mzani na mzani haukusoma kitu.

Mpaka hapo nali ni rafiki tu. Ugumu unakuja kwenye kulinganisha. Swali la kwanza la mwanafunzi huwa ni hili:

SELECT jina FROM watoto WHERE uzito = NULL;

Hapati hata mstari mmoja, ingawa watoto wawili wanaonekana pale kwa macho. Sababu ni kwamba SQL haina majibu mawili ya kweli na uongo peke yake. Ina la tatu: haijulikani. Mantiki ya namna hiyo si ubunifu wa watu wa kompyuta. Jan Łukasiewicz wa Poland aliiandika mwaka 1920, akiwaza juu ya kauli za mambo yajayo ambazo leo haziwezi kuitwa kweli wala uongo. Je, kisichojulikana ni sawa na kisichojulikana? Haijulikani. Na neno WHERE hupitisha mstari pale tu jibu linapokuwa kweli. Uongo na haijulikani vyote hubaki nje. Ndiyo maana kuna maneno maalumu, IS NULL, ambayo hayalinganishi chochote bali yanauliza tu kama alama ipo.

Hilo hujifunzwa siku moja. Lililo hatari zaidi ni NOT IN, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nimeona hesabu za vikundi vya watu wazima zikiharibika kwa ajili yake bila mtu kugundua.

Chama cha akiba na mikopo kina jedwali la wanachama: Asha namba 1, Juma namba 2, Neema namba 3, Baraka namba 4. Kina pia jedwali la malipo ya mwezi lenye mistari mitatu. Mmoja una namba 1, mwingine namba 3, na wa tatu una nali, kwa kuwa mtu alilipa kwa simu akasahau kuandika namba yake ya uanachama. Katibu anataka majina ya wasiolipa:

SELECT jina FROM wanachama WHERE namba NOT IN (SELECT namba_mwanachama FROM malipo);

Kanzidata inarudisha orodha tupu. Haitoi onyo wala ujumbe wa kosa. Katibu anafurahi kwamba mwezi huu kila mtu amelipa.

Fuata mashine ilivyofikiri ilipofika kwa Juma. Kusema namba 2 haimo kwenye orodha ni kusema mambo matatu kwa pamoja: 2 si 1, na 2 si 3, na 2 si ile namba isiyojulikana. La kwanza ni kweli. La pili ni kweli. La tatu haijulikani. Kweli ikiungana na haijulikani kwa “na”, jibu ni haijulikani, na WHERE haimpitishi Juma. Baraka naye vilevile. Asha na Neema wanaanguka kwa uongo wa kawaida, maana namba zao zimo. Nali moja katika mistari mitatu imefuta jibu lote, na ingekuwa moja katika mistari laki tatu ingefanya vivyo hivyo.

Ukitulia utaona kwamba mashine ina haki yake. Malipo yale yasiyo na namba yanaweza kuwa ya Juma. Yanaweza kuwa ya Baraka. Kanzidata haiwezi kuapa kwamba Juma hakulipa wakati kuna pesa imeingia bila jina, na SQL haina namna ya kusema “labda” kwenye orodha ya majibu, hunyamaza tu. Anayetaka orodha aulize hivi:

SELECT jina FROM wanachama w WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM malipo m WHERE m.namba_mwanachama = w.namba);

Sasa Juma na Baraka wanatoka. Lakini swali limebadilika, na katibu inafaa alijue hilo: hapa anauliza nani hana malipo yaliyoandikwa kwa namba yake. Kabla ya kumwandikia Juma barua ya deni, amtafute mwenye yale malipo ya simu.

Mantiki hii ina upungufu wake wa kweli, na wapinzani wa nali, wa kwanza wao Chris Date aliyekuwa mshirika wa karibu wa Codd, hawakuacha kuusema. Uliza WHERE alama >= 50 OR alama < 50. Mwanafunzi yeyote aliyefanya mtihani lazima awe upande mmoja kati ya hizo mbili, hata kama hatujui alama yake. Lakini mwenye nali hatoki, kwa sababu haijulikani “au” haijulikani hubaki haijulikani. Kisha SQL yenyewe haishiki msimamo mmoja. WHERE hukataa jibu la haijulikani, ilhali sharti la CHECK hulikubali, hivi kwamba jedwali lenye CHECK (umri >= 18) litampokea asiye na umri ulioandikwa bila kuuliza. Anayetaka kumzuia lazima aongeze NOT NULL. Na ingawa nali mbili hazilingani zikikutana kwenye WHERE, ukipanga kwa GROUP BY hukusanywa kwenye kundi moja.

Watengenezaji nao wameongeza mkanganyiko. Oracle huhesabu maandishi matupu kuwa nali. SQL Server hukubali nali moja tu kwenye safu yenye UNIQUE, PostgreSQL hukubali nyingi. Ukipanga kuanzia ndogo, PostgreSQL na Oracle huziweka nali mwisho, MySQL na SQLite huziweka mwanzo. Aliyejifunzia mfumo mmoja akahamia mwingine atapoteza siku nzima akitafuta kosa ambalo si lake.

Kuna moja linalotuhusu sana watu wa majina matatu. Mifumo mingi huweka jina la mtu, la baba na la babu kwenye safu tatu, kisha huyaunganisha kwa alama ya || ili yachapwe kwenye cheti au barua. Kwenye PostgreSQL, kitu chochote kikiungana kwa alama hiyo na nali, matokeo ni nali. Asha ambaye jina lake la kati halikuandikwa hapotezi jina la kati peke yake. Jina lote linatoweka, na barua inatoka bila mlengwa. COALESCE(jina_kati, ''), inayoweka maandishi matupu mahali pa nali, inamaliza tatizo, na sioni sababu ya mtu kuchapiwa cheti kisicho na jina kwa kukosa neno moja hilo.

Kasoro hizi zote, hata hivyo, ni ndogo ukilinganisha na madhara ya kuikwepa nali. Tuna fomu zenye nyota nyekundu kila mstari, zinazomlazimisha karani kuandika kitu hata pale ambapo ukweli ni kwamba hakijulikani. Bibi aliyezaliwa mwaka wa njaa, asiyejua siku wala mwezi, huandikiwa 1 Januari, na kuanzia hapo mfumo unaamini. Wakimbizi wengi waliopokelewa Marekani wana tarehe hiyohiyo ya kuzaliwa kwenye karatasi zao, kwa sababu hiyohiyo. Mahali pengine utakuta 01/01/1900, au 99, au “sijui” imeandikwa kwa tahajia nne tofauti katika safu moja. Nali unaweza kuihesabu kesho na kujua ni watu wangapi wa kurudiwa. Tarehe ya uongo iliyochanganyika na za kweli haina alama ya kuitambulisha, na bibi aliyezaliwa kweli 1 Januari hawezi tena kutofautishwa na wenzake.

Kwenye ramani uharibifu huo unaonekana kwa macho. Kisima ambacho kipokezi cha GPS hakikushika, kikaandikwa latitudo 0 na longitudo 0, huchorwa katikati ya maji ya Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Taarifa mbovu za dunia nzima zimerundikana pale kiasi kwamba wachora ramani wamepabandika jina la utani, Null Island, wakati kilichowahi kuwekwa pale ni boya la kupimia hali ya bahari. Nasi hatuna ruhusa hata ya kusema kwamba latitudo 0 iachwe imaanishe “hakuna”, maana ikweta inapita Nanyuki na inapita Kayabwe, na kisima kilichochimbwa hapo kina 0 ya haki kabisa.

Codd mwenyewe aliona kwamba kukosekana kuna aina mbili. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alipendekeza alama mbili: moja ya thamani iliyopo lakini haijajulikana, nyingine ya thamani isiyohusika, kama vile jina la mume kwa mwanamke asiyeolewa. SQL haikumfuata. Nadhani alikuwa sahihi kuhusu aina hizo, ingawa mantiki ya majibu manne ingewashinda watu wengi. Katika kazi za kawaida inatosha kuongeza safu ya sababu pembeni: hakupimwa, amekataa kujibu, haimhusu. Ni safu moja tu, na wabunifu wetu wa fomu huiruka karibu kila mara.

Mahali ambapo nali inafaa ni pengi: tarehe ya kurejesha kitabu ambacho bado kiko kwa msomaji, namba ya msimamizi kwenye mstari wa mkurugenzi asiye na mkubwa, usomaji wa mita ya maji siku geti limefungwa, simu ya pili, alama ya mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa, tarehe ya kufariki ya mtu aliye hai, matokeo ya maabara yanayosubiriwa, mwisho wa mkataba usio na ukomo, safu za upande wa kulia kwenye LEFT JOIN pale mstari wa kushoto usipopata mwenzake, safu ambazo usizichuje kwa WHERE kama hutaki mstari huo upotee, bali weka sharti lake ndani ya ON.