Je, Wajua? Jina la Kompyuta Laweza Kukukosesha Nakala

Je, wajua kwamba majina ya kompyuta zote za ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, yaliwahi kutoshea katika faili moja? Faili hilo, HOSTS.TXT, lilitunzwa California, katika Stanford Research Institute, na kundi lililoongozwa na Elizabeth Feinler. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS, mfumo wa majina ya mtandao, ili kuchukua nafasi yake. Hata hivyo ndugu yake mdogo hajafa: kwenye Linux anaitwa /etc/hosts, na kwa kawaida ndiye anayeulizwa kabla ya DNS.

Je, wajua kwamba jina localhost linaweza kuvuruga kazi nzima ya kuhifadhi nakala? Chukua Bacula, programu huria iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000. Ina msimamizi, ghala la nakala, na wakala anayekaa kwenye kila kompyuta yenye mafaili. Nakala hazipitii kwa msimamizi. Yeye humpa wakala anwani ya ghala, kisha wakala hulitafuta mwenyewe. Ukiandika localhost kama anwani hiyo, kila kompyuta husoma “mimi hapa”, anwani 127.0.0.1, na wakala huishia kubisha hodi mlangoni kwake mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba seva yenye ghala hujihifadhi bila shida yoyote. Fundi akiipima hiyo peke yake ataamini kuwa mafaili ya ofisi nzima yako salama, kumbe hakuna lililovuka waya.

Je, wajua kwamba hata jina halisi linaweza kuwa na kasoro hiyohiyo? Debian, aina mojawapo ya Linux, huenda ikalifunga jina la mashine na 127.0.1.1 ndani ya /etc/hosts. Ghala likiagizwa kusikiliza kwenye jina hilo, litasikia sauti za ndani tu. Anwani zote zinazoanza na 127, zaidi ya milioni 16, hazitoki nje ya mashine.

Kuhusu herufi za jina la kompyuta: tumia a hadi z, tarakimu na kistari, bila mstari wa chini wala nafasi, sehemu moja ya jina isizidi herufi 63.

Usipime jina ukiwa kwenye seva. Nenda kwenye kompyuta ya mbali, andika amri getent hosts na jina la seva yenye ghala. Jibu likirejea kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa mfano likianza na 127, rekebisha leo, kisha jaribu kurejesha faili moja kutoka kwenye nakala.