Nyoka Uani: Yampasayo Mama wa Nyumba Kujua

Katika nyumba za maaskari, kambini na vituoni, nyoka si mgeni. Yeye hamfuati mtu. Afuatacho ni panya, na panya naye hufuata makombo, takataka na gunia la nafaka lisilofungwa. Kwa hiyo silaha ya kwanza si fimbo, bali ni ufagio na fyekeo.

Nyoka wawili wapasa kujulikana na kila jamaa hapa Uganda. Wa kwanza ni swila, atemaye sumu akilenga macho. Sumu ikiingia jichoni, usilisugue. Lioshe mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitali. Wa pili ni kifutu, mnene na mzito, alalaye kimya njiani wala hakimbii asikiapo hatua. Huyu humngoja atokaye usiku kwenda chooni pasipo viatu wala kurunzi.

Aliyeumwa asichanjwe kwa wembe, jeraha lisinyonywe, wala asifungwe kamba ya kukaza, kwani kamba hiyo yaweza kuua kiungo. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba, mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na apelekwe hospitali upesi. Msipoteze wakati kumwinda nyoka.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka miongoni mwa maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Nyumbani isipuuzwe. Baba akiwa zamu, mama ndiye aamuaye katika dakika zile za kwanza. Na watoto nao wafundishwe mapema.